Mwenye picha anafunga mdomo

Hiyo ndo sheria ya kwanza ya kikundi chetu cha wapenda kupiga picha hapa Dar, na ukiniuliza ya pili ntakuambia sijui kama ipo. Picha yako ikishawekwa mezani we unakaa kimya dakika tano, hujitetei, husemi unajua pale mwanga ulikuwa hivi, husemi betri ilikuwa inaisha, unakunywa soda yako unasikiliza watu wanavyomchambua mwanao kama dagaa, kichwa huku utumbo kule. Dakika tano zikiisha ndo unaruhusiwa kuongea na mara nyingi ukifika hapo unakuta huna hata la kusema.

Tuko watu saba, nane, inategemea na tarehe, mwisho wa mwezi tunajaa na tarehe ishirini tunakuwa watatu. Hakuna anayekula kwa kamera hapo. Kuna dada yuko benki, kuna mwalimu wa sekondari, kuna mafundi simu wawili ambao ni marafiki na hawakubaliani kitu chochote duniani, mimi nashinda na mahesabu ya watu kwenye ofisi moja hapa Ilala, alafu kuna mzee mmoja alikuwa na studio Magomeni enzi za mkanda mpaka simu za kamera zikamfungia mlango. Huyu tunamuita Mzee wa Studio. Tunakutana jioni ya Jumapili mbili kwa mwezi kwenye kibanda cha chipsi cha jamaa tunayemfahamu, anatupa meza mbili za plastiki tukiunganisha, masharti yake tununue soda na tusimwagie tomato picha halafu tukamlaumu.

Mwanzo tulikuwa tunatumiana kwenye WhatsApp tu. Hapo ndo tulipopoteza mwaka mzima, kweli tena. Unatuma picha, dakika hiyo hiyo yanashuka mamoto na makofi, "umetisha", "hatari sana kaka", "weka kwenye kalenda hii". Mi nilijiona nimefika. Alafu kwenye simu kila picha ni nzuri, kioo kidogo, kinawaka, na WhatsApp yenyewe inaibana picha mpaka hujui kama huo ukungu ni wa lenzi yako au ni wa kwao, kwa hiyo kasoro zote zinajificha humo na we unaendelea kupiga vilevile. Siku moja yule dada wa benki akatuma bahari na jua jekundu, kaandika "machweo Coco Beach", makofi yakashuka kama kawaida, watu kumi hivi wamesifia, ndo Mzee wa Studio ambaye alikuwa haandikagi kitu akaandika mstari mmoja, "Jua la Dar linazama Ubungo."

Tulicheka wiki nzima. Bahari yetu iko mashariki, pale Coco jua linachomoza, halizami, na kila mtu kwenye lile grupu kazaliwa au kakulia mji huu na hakuna aliyeona. Dada mwenyewe akakiri aliipiga saa kumi na mbili na nusu asubuhi akaona neno machweo linapendeza zaidi. Mzee ndo akasema, mkitaka tuongee picha chapeni, njoo nazo mkononi, mi huko kwenye vioo sioni.

Kuchapa kunauma mfukoni na ndo uzuri wake. Ukijua kila karatasi unailipia huleti picha thelathini za ua moja, unaleta mbili. Na karatasi haiwaki, haikuzwi kwa vidole viwili, inakaa pale mezani inakutazama na kila kosa lake.

Yangu ya kwanza kuchinjwa ilikuwa ya Feri. Niliamka saa tisa usiku siku hiyo, bodaboda kutoka Tabata, nikafika mashua zinashusha. Kama umewahi kuingia soko la Feri alfajiri unajua hali ilivyo, sakafu maji matupu ya samaki, watu wanapita na beseni kichwani wanapiga kelele pisha pisha, madalali wamesimama juu ya meza wananadi, na ukitoa kamera tu kuna mtu atakuuliza unatupiga unaenda kutuuza wapi. Nilibembeleza, nikanunua vibua nisivyovihitaji ili nizoeleke, viatu vikaloa, nikapiga picha mia na kitu. Kamera yangu ni Canon 700D niliyonunua used kwa binamu, na lenzi ile inayokuja nayo dukani, 18-55, ambayo ukiivuta mpaka mwisho inakupa f/5.6 tu, tundu dogo linalopitisha mwanga kidogo, yani kwenye giza lile nilipandisha ISO, ule uwezo wa kamera kuona gizani, mpaka 3200 na bado shata ilikuwa inasuasua kwenye 1/30 ya sekunde, picha tisini zimetikisika. Ila moja ilitoka. Dalali kainua jodari kwa mikono miwili, watu wamemzunguka, taa inamulika kwa juu. Niliichapa A4 kabisa.

Nikaiweka mezani nikanyamaza nikisubiri kusifiwa.

Mafundi simu wakasema kali. Mwalimu akasema kuna chengachenga ila inavumilika. Mzee akavaa miwani, akaivua, akaisafisha, akavaa tena. Akasema, "Naona watu kumi na moja na tisa wamenipa mgongo."

Dakika tano zilipoisha nilifunguka kama bomba. Nikaeleza saa tisa usiku, bodaboda, yule jamaa aliyetaka kuninyang'anya kamera, viatu, vibua, kila kitu. Mzee kasikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha, mi nikajua nimemshinda. Akasema, "Sawa kijana, pole na safari. Sasa hayo yote yako wapi humu?"

Alafu akatoa kwenye mfuko wa shati vipande viwili vya boksi la viatu, kila kimoja amekikata kama herufi L, akavipanga juu ya picha yangu vikafanya kama fremu ya dirisha, akawa anavisogeza polepole, anabana huku anaachia huku. Akamtoa dalali. Nikataka kupiga kelele, dalali ndo picha yenyewe! Akawatoa wale wa migongo. Akashuka kona ya chini kulia, akasimama hapo. Ndani ya kidirisha kikabaki mkono wa mnunuzi, noti zimekunjwa kwa urefu zimebanwa katikati ya vidole, na nyuma yake jicho moja la samaki linang'aa. Bas. Hiyo picha nilikuwa nayo wiki mbili kwenye laptopu, nimeiediti usiku mzima, na ule mkono sikuwa nimeuona hata mara moja.

Niliumia bwana. Sitasema nilifurahi kujifunza, nilirudi nyumbani na daladala nimenuna, kamera nikaiweka juu ya kabati karibu wiki tatu. Kilichoniuma sio kwamba picha mbaya, ni kwamba nilikuwa nimeipenda kwa sababu ya zile shida, na zile shida ninazo mimi, yule anayeangalia hakuloa miguu. Na hili nimeliona kwa wengine pia tangu siku ile, mtu akileta picha ya safari ya Lushoto aliyopanda mlima masaa manne, au ya mtoto wake siku ya kwanza shule, unaona kabisa anaangalia kitu ambacho sisi hatukioni pale kwenye karatasi, na ukimwambia anahisi umemtukana safari au umemtukana mtoto.

Na Kiswahili chetu hakisaidii kwenye kukosoa, au kinasaidia sana, sijui. Mtu hawezi kukuambia picha yako mbaya, atasema "sio mbaya", sasa hapo ujue imekwisha. "Imekaa vizuri ila" ni onyo, kaa mkao wa kula. "Ungejaribu labda" maana yake ungefuta. Dada wa benki anaanzaga na "samahani lakini" na ukisikia hivyo shika soda yako vizuri. Fundi simu mmoja ugonjwa wake ni vifaa, kila picha anauliza umepiga na lenzi gani, ukimwambia anatikisa kichwa kama daktari aliyeona majibu, na mwenzake ugonjwa wake ni ile sheria ya kugawa picha mafungu matatu, mtu akiwa katikati tu basi kwake kosa, hata picha ya bibi harusi anataka bibi harusi asogee pembeni. Mwalimu yeye anasahihisha. Nimemuona kwa macho yangu anatoa peni nyekundu.

Mimi ugonjwa wangu ulikuwa kupenda picha zenye huzuni. Ntafika huko.

Kabla ya hapo acha niseme hili la ngozi maana ndo kitu nilichokipata pale mezani ambacho kingenichukua miaka kukipata peke yangu. Nilikuwa napiga ndugu zangu kwenye shughuli, mashangazi wanatoka weusi tii, sura haionekani, kanzu nyuma zinang'aa, na nilikuwa najua kosa ni langu au ni la kamera ya bei rahisi. Mzee akanieleza kwa vijiti vya chipsi. Kamera, akasema, haijui inaangalia nini. Mita yake ya kupima mwanga inadhani dunia nzima ukiichanganya inakuwa kijivu, kile kijivu cha asilimia 18 wanachokiita, kwa hiyo ukiipa ukuta mweupe na kanzu nyeupe inaogopa, inapunguza mwanga mpaka nyeupe iwe kijivu, na shangazi yako aliyesimama mbele ya ule ukuta anazama naye. Ukimuweka mbele ya pazia jeusi inafanya kinyume, inaongeza mpaka anakuwa kama kapakwa unga. Kwa hiyo usiiulize mita, iambie. Kuna kale kakitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, panda moja kwenda kwenye kujumlisha, angalia uso, achana na ukuta hata ukiungua, nani alikuja kwenye harusi kupiga ukuta.

Na tusijilaumu sana, akasema, hata mkanda wenyewe haukutengenezwa ukitufikiria. Maabara za rangi kwa miaka mingi zilikuwa zinapanga rangi zake kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, wenyewe waliziita kadi za Shirley, ikishatoka sura yake vizuri mashine iko sawa, sisi wengine tutokee tutakavyotokea. Malalamiko yaliyokuja kusikilizwa miaka ya 70 ni ya watengeneza chokoleti na fanicha kwamba kahawia zao hazitofautiani. Chokoleti! Mzee alikuwa analisimulia hili bila hasira kabisa, anasema yeye alikuwa anapeleka mkanda kusafishwa na karatasi kabandika, "ongeza", neno hilo moja tu, na yule kijana wa maabara akawa ameshamzoea anaongeza. Mkanda ulikuwa na picha 36 na zikiisha zimeisha, ndo maana mpaka leo ukimpa kamera anaangaliaaa, anashusha, anamwambia mtu rudisha bega, anaangalia tena, anapiga moja anakurudishia. Sisi tumeshapiga arobaini.

Haya sasa, picha yangu ya huzuni.

Nyuma ya gereji karibu na ofisini kuna mama lishe nakula kwake chai karibu kila siku. Banda la mabati, bati moja lina tundu, na asubuhi kwenye saa mbili jua linapenya pale linashuka kama fimbo kwenye moshi wa kuni. Nilikuwa nimeshaiona hiyo fimbo miezi. Nikanunua lenzi ya 50mm f/1.8, ile ya watu masikini wanaojitahidi, nikaenda nayo siku moja, mama kainama anageuza chapati, moshi, fimbo ya jua inampita begani, uso upande. Nikapiga bila kusema. Nikaitoa rangi ikawa nyeusi-nyeupe, nikakoleza weusi, mikunjo ya uso ikajitokeza, masizi kwenye sufuria, jasho. Niliiangalia usiku ule nikasema hii sasa ndo yenyewe, hii hata Mzee hana boksi la kuikatia.

Na kweli, meza ilikaa kimya. Dada wa benki alishika kifua. Mafundi simu WALIKUBALIANA, naomba ieleweke uzito wa jambo hilo. Mwalimu akasema hii inaongea yenyewe, peni nyekundu haikutoka. Mzee akaiangalia sana, akageuza nyuma ya karatasi kama kuna maandishi, akaigeuza tena.

"Mwenye picha ni nani?"

Nikanyoosha mkono. Muda wa kuongea ulikuwa haujafika hata.

"We ni mpigaji. Nimeuliza mwenye picha." Akagonga kidole juu ya yule mama. "Kaiona?"

Nikasema bado. Akasema mpelekee, alafu akachukua chipsi yake, habari ikaishia hapo tukahamia kwenye picha ya mwalimu ya korongo.

Nilimpelekea Jumatatu. Nilienda nimejiandaa kushukuriwa, nimeiweka kwenye bahasha. Shikamoo mama, marahaba baba, nina zawadi yako. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaitoa, akaisogeza kwenye mwanga, akaisogeza mbali, akaniangalia mimi.

"He! Huyu ndo mimi?"

Nikasema ndiyo mama.

"Mbona mweusi hivi? Mi ndo niko hivi?" Alafu bila kusubiri jibu akaanza kushuka nayo. Kwanza kanga, nimempiga kavaa kanga ya jikoni na anayo nyingine ndani ya mfuko pale pale ningemwambia tu. Sufuria lina masizi, mteja akiona sufuria hili atakuja kula? "Na hili gogo mbona limeniota kichwani kama pembe?" Nikaangalia. Nguzo ya banda, moja kwa moja kutoka utosini mwake kwenda juu. Watu saba, wenye sheria za mafungu matatu na peni nyekundu, hakuna aliyeiona ile nguzo. Akamalizia, akashusha sauti, hakuwa anagomba tena, "Watu wakiiona hii mwanangu watasema nimefiwa."

Na hakuna aliyemfia. Siku ile niliyompiga alikuwa anatania na vijana wa gereji, nakumbuka vizuri, alikuwa amemwambia mmoja mguu wake kama spana na watu wameanguka kwa kicheko, na mimi nikasubiri kicheko kiishe ndo nikapiga. Huzuni niliileta mimi kwenye begi la kamera.

Akasema njoo Alhamisi unipige vizuri.

Alhamisi nimefika saa nne, nikamkuta gauni la kitenge, lemba, hereni, sufuria limesuguliwa unajiona, chapati zimepangwa kwenye sinia zimeinuka kama mnara. Nilitaka asimame ndani kwenye ile fimbo yangu ya jua, akakataa, jua linamuumiza macho, akaenda kusimama mlangoni chini ya bati linapoishia, kivulini lakini nje kweupe kote. Ukienda kwenye mafunzo ya kulipia wanakufundisha hicho hicho, jua letu likishapanda linakaa utosini na macho yanakuwa mashimo, kwa hiyo tafuta kivuli chenye uwazi mbele yake. Mama alijiweka pale kwa sababu macho yanamuuma. Nikamuomba kijana wa gereji ashike kitambaa cheupe cha meza upande mmoja kirudishe mwanga kidogo, akakishika huku anamchekesha, mama akagoma kucheka. "Picha ya ukutani haichekwi." Akanyoosha mgongo, mikono chini, akaniangalia kwenye lenzi moja kwa moja kama anayenidai. Nikapandisha kujumlisha moja, nikapiga tatu tu.

Jumapili nikaziweka zote mbili mezani, ile ya moshi na hii.

Aisee siku hiyo tulikosana. Dada wa benki akasema samahani lakini hii ya pili ni pasipoti saizi. Fundi wa mafungu matatu alikuwa anateseka, mtu katikati kabisa, nguzo kushoto nguzo kulia. Mwalimu akasema ya kwanza ina hadithi, ya pili ni mtu kasimama. Fundi wa lenzi, ambaye sikutegemea, akasema ya pili ndo anamuona mama, ya kwanza anaona moshi. Wakaanza kugombana wenyewe kama kawaida yao na dunia ikarudi sawa.

Mimi niliwaambia kitu nilichokuwa nimekisoma wiki hiyo. Yupo mpiga picha wa Mali, Seydou Keïta, alifungua studio Bamako mwaka 1948, na watu walikuwa wanaenda kwake wamevaa wakapendeza, kuna saa, redio, vespa, unachagua ushike nini usimameje, anakupanga, na mara nyingi anapiga mara moja tu bas, maana zile filamu zake kubwa zilikuwa ghali. Leo picha hizo ziko kwenye makumbusho za Ulaya na Marekani. Wote wamekaa wima, wanakuangalia. Na huna haja ya kwenda Bamako, ukienda Zanzibar pale Mji Mkongwe kuna Capital Art Studio, ilifunguliwa na mzee Oza mwaka 1930, ndani zimejaa picha za zamani za nyeusi-nyeupe, na ukiangalia wale wa studio wamesimama kama mama lishe wangu. Na nyumbani kwetu sote, ile picha ya babu sebuleni karibu na kalenda, amecheka? Ameinama anageuza chapati?

Mwalimu akasema hizo ni enzi zile, mtu alikuwa anapiga picha mara mbili maishani lazima akakamae. Ana hoja. Na mi nisidanganye hapa, bado naipenda ile ya moshi. Nikiifungua usiku peke yangu nasema ile fimbo ya jua jamani. Nimejaribu kuitoa nguzo kwa programu, imetoka, mwanga wa uso nimeupandisha, imekuwa afadhali kwa kila kitu alichokisema isipokuwa kile cha mwisho, na hicho hakina kitufe. Alinikataza kuirusha popote kwa hiyo iko kwenye flashi imelala. Nimewahi kujiuliza zile mia za Feri ningewapelekea wenyewe wangesema nini, yule dalali angeniuliza kwa nini nimemkata na boksi la viatu nikabaki na mkono wa mnunuzi.

Mzee wa Studio siku ile ya ugomvi hakusema ipi bora. Alichukua ile ya pili akasema karatasi hii itapauka kwenye moshi, iwekee kioo.

Nikaiwekea kioo na fremu, nikaipeleka. Akaiita gereji nzima. Akaita na yule dada wa vocha. Picha ikazunguka mikono mpaka nikaogopa, wanasema mama umetoka kama mke wa mbunge, mwenyewe kanyamaza anasubiri imrudie. Ikamrudia. Akaifuta kioo na ncha ya kanga, akaishika mbele yake kwa mikono miwili, akaitazama kuanzia kwenye lemba akashuka, hereni, gauni, mikono, sinia la chapati, akafika chini.

"Ila miguu umenikata."

Nikaangalia. Picha imeishia juu kidogo ya vifundo vya miguu. Meza nzima ile, ubishi ule wote, pasipoti, hadithi, Bamako, hakuna mtu hata mmoja aliyesema miguu haipo, na mimi mpigaji wala.

"Viatu nilivinunua Karume Jumatano, vya siku hiyo. Vilikuwa vya nini sasa?"

Nikamueleza kwamba lenzi hii inabana, kwenye kamera yangu inavuta karibu kama ya 80mm, na nyuma yangu kulikuwa na Noah mbovu nisingeweza kurudi. Nikasikia mwenyewe ninavyojitetea nikanyamaza.

Picha kaitundika hata hivyo, juu ya ndoo ya unga, mbali na jiko. Jumamosi narudi, kasema nije saa nne chai ikishapungua, na kijana wa gereji kaahidi ataisukuma ile Noah.